Anza Penye Shaka

Gogo la mwarobaini likishushwa kwenye mkokoteni, wengi hutazama unene wake kisha wakauliza bei. Mimi huligonga. Nageuza tezo, kile kishoka cha kuchongea, na kwa kisigino chake nabisha kuanzia upande wa shina kwenda juu, halafu nalibingirisha gogo na kurudia upande wa pili. Mti mzima hujibu kwa sauti kali, iliyokaza, na sauti hiyo haibadiliki sana unaposogea. Penye uvungu, palipooza, au penye ufa usioonekana, sauti hushuka ghafla ikawa fupi na butu. Hapo naweka alama ya mkaa. Kinyago bado sijakifikiria. Nazifikiria alama hizo kwanza.

Nachonga hapa Malindi, na katika kazi hii nimeona jambo moja likiwavunja moyo wachongaji wazuri kuliko hata ukosefu wa wateja. Mtu amefanya kazi majuma mazima. Uso umetulia, vidole vimetoka kimoja kimoja, shuka imelala vizuri begani. Amefika kwenye msasa. Ndipo mstari mweusi mwembamba unapojitokeza chini ya jicho, na kila akisugua ili uondoke, unazidi kupanuka. Mti ule ulikuwa na kasoro tangu siku ulipoangushwa. Hakuna aliyekwenda kuitafuta wakati gogo lilikuwa bado na nyama ya kutosha.

Kwa hiyo nawaambia vijana wanaokuja kujifunza: mahali unapopatilia shaka, pachimbe kwanza. Usipazunguke. Usipaache hadi mwisho ukitumaini patakuwa salama. Karakanani mtu hufundishwa kushika tezo, kunoa patasi, kugawa mwili wa kinyago kichwa, mabega na kiuno. Kuhusu kasoro huambiwa tu achague mti mzuri. Mti mzuri hauji kila siku, na ukija, bei yake si ya mchongaji wa kawaida. Tunachonga miti tunayoipata, na miti tunayoipata imeishi maisha yake kabla ya kufika mikononi mwetu.

Mzee aliyenifundisha ni Mkamba wa upande wa Wamunyu, Machakos. Huko, kwa masimulizi ya wachongaji wenyewe, ufundi wa vinyago vya kuuza ulianzishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza kutoka kwa wachongaji wa Kizaramo huko Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mzee wangu alishuka pwani kufuata mti na watalii, kama walivyoshuka wenzake wengi waliojaza karakana za Changamwe na za hapa Malindi. Enzi zao walichonga muhuhu na mpingo. Mpaka leo akishika kipande cha muhuhu hukinusa kwanza, na ukimwona unajua kuwa hanusi tu mbao.

Muhuhu una nyuzi laini, harufu tamu, na mchwa hauuwezi. Wagiriama huuchongea vigango, nguzo za kuwakumbuka wafu wao, kwa sababu hiyohiyo, vikasimama juani na mvuani miaka mingi. Lakini muhuhu mkubwa mara nyingi ni mtupu katikati. Nje unauona mti wa kujivunia, ndani kuna uvungu au moyo uliooza. Mzee anasema wao hawakushangaa, maana walijua adui yuko wapi. Walipasua gogo kwa kabari kupitia kwenye kiini, wakatupa moyo, wakachonga ubavu. Mpingo nao ulikuwa na tabia yake. Gogo la mpingo si la mviringo safi, lina mikunjo, na ile sehemu nyeupe ya nje huzama ndani kufuata mikunjo hiyo. Unachonga shavu jeusi tii, ghafla unakutana na doa la manjano. Nyufa zake nazo ni shida kuziona kwa sababu ni weusi ndani ya weusi.

Miti hiyo miwili sasa imekwenda mbali nasi. Muhuhu wa msitu wa Arabuko-Sokoke si wa kuingia na shoka ukajikatia. Mpingo na jamaa zake wote waliwekwa mwaka 2017 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na mzigo mkubwa wa vinyago vyake hauvuki mipaka bila makaratasi. Kisha serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma kuanzia mwaka 2018 hadi 2023. Lakini hata kabla ya hayo yote wachongaji wa pwani walikuwa wamekwisha kuugeukia mwarobaini, mti wa Bara Hindi unaoota hapa kila ua, na mwembe pale ambapo mwarobaini haupatikani. Mimi sikulia. Mwarobaini una kiini chekundu kinachopendeza kikipakwa nta, wadudu hawakipendi, na ukiukata unachipua tena. Kuuchonga ni kazi inayoniacha na dhamiri safi, na hilo kwangu si jambo dogo. Msitu wa Arabuko-Sokoke ni wetu, na tumeukata vya kutosha.

Ila mwarobaini una kasoro za aina nyingine kabisa, na hapa ndipo mimi na mzee wangu tunapotofautiana kwa heshima. Yeye huanza na uso, siku zote.

"Kijana wangu," huniambia, "uso ndio unaoupa mwili maneno. Usipokuwa na uso unachonga kuni."

"Na mti ukikataa hapo penye uso, mzee?"

"Ukikataa, utafute uso mwingine ndani ya mti huohuo. Mti haukosi."

Kwa muhuhu alikuwa na haki kabisa. Ukishatupa kiini, ubavu uliobaki ni safi, basi anzia unapotaka. Mwarobaini haukukulia msituni. Umekulia na watu. Mbuzi amefungwa kwenye shina lake, kamba ya kuanikia nguo imekazwa kwenye matawi yake, watoto wameupanda, magome yake yamebanduliwa kwa ajili ya dawa, matawi yamekatwa kwa panga kila ilipohitajika kuni au mswaki. Kila mahali palipoguswa kuna kitu ndani, na hakuna kanuni ya kukuambia ni wapi.

Inafaa kuelewa mti unavyolichukua jeraha. Ngozi ya mtu ikikatwa hushikana tena, sehemu ileile ikapona. Mti hauna uwezo huo. Sehemu iliyoumia hubaki imeumia milele. Mti huizungushia ukuta ndani yake, kisha unaendelea kuota juu yake, mwaka baada ya mwaka, hadi gome linafunika kila kitu na jicho haliambulii chochote. Panga la mwaka ule limo humo ndani. Msumari umo. Na kwa kuwa ukuta ule wa mti ni imara zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, uozo na madoa hupanda na kushuka kufuata nyuzi mbali zaidi kuliko yanavyosambaa kando. Kasoro nyingi za mwarobaini kwa hiyo ni ndefu na nyembamba. Anayejua hivyo anajua pa kuzielekeza.

Gome lenyewe hutoa habari nyingi kwa anayelisoma bila haraka. Tawi lililokatwa zamani huacha kovu, na pande mbili za kovu hilo hushuka mistari miwili mithili ya masharubu. Mistari ikiwa imetanuka karibu kulala na kovu limekuwa bapa, tawi lilikatwa siku nyingi na fundo limezama chini kabisa. Likiwa kubwa na la duara, fundo liko karibu. Penye panda, tazama pale matawi mawili yanapokutana. Kama kuna tuta lililoinuka, nyuzi zimeshikana vizuri. Kama kuna mfereji uliobanwa unaoingia ndani, gome limemezwa katikati ya matawi hayo mawili, na hapo hapana mshikamano wowote hata kama pamefungana kwa nje. Sichongi shingo hapo, wala kiwiko.

Halafu kuna miti iliyoinama. Karibu na bahari upepo wa kusi huisukuma miti tangu ikiwa michanga, ikakua imelalia bara. Ukikata gogo la mti wa namna hiyo utaona kiini hakiko katikati, kimesogea upande mmoja. Upande wa juu wa mwinamo, ule uliokuwa ukiuvuta mti usianguke, una mbao yenye nyuzi zinazonyanyuka kila unapopitisha patasi, hata iwe imenolewa vipi. Mbao hiyo pia husinyaa kwa urefu inapokauka, jambo ambalo mbao ya kawaida karibu haifanyi, kwa hiyo kinyago hupinda chenyewe kikiwa rafuni. Ukiona kiini kimehama, chonga upande wa chini wa mwinamo. Upande wa juu ufanye vibao vifupi, vitako, vitu visivyo virefu.

Gogo lililonithibitishia haya yote lilitoka upande wa Ganda. Ulikuwa mwarobaini wa uani, mnene, uliokuwa umeanza kulalia paa, na wenyewe wakaamua kuuangusha. Nilikwenda kuuona ukiwa bado umesimama, maana napenda kumuuliza mwenye mti maswali kabla ya kusikia bei. Mama mwenye boma alinikaribisha, nikakaa kwenye kigoda, nikamuuliza mti ule umeishi vipi.

"Mwanangu, mimi nimeukuta hapa nilipoolewa," akasema. "Upande ule wa zizi ndiko mbuzi walikokuwa wakifungwa. Na upande wa njia ndio wanaopigilia picha zao kila uchaguzi. Wakishashinda hawarudi kuzing'oa."

Maneno yake yalinifaa kuliko kipimo chochote. Nilipolifikisha gogo karakanani nililigonga, nikaweka alama. Upande wa njia palikuwa na alama chache ndogo, na misumari niliiona vichwa vyake au kutu yake kwenye gome. Ile iliyomezwa niliitafuta kwa sumaku ya spika ya redio kuukuu iliyofungwa kwenye uzi. Inasaidia kwa chuma kisichozama sana. Upande wa zizi gome lilikuwa safi kabisa, lakini sauti ilikuwa butu kwa urefu wa mkono mzima.

Niliyemtaka mle ndani alikuwa mvuvi mzee amebeba lema begani, mkono mmoja umelishika, wa pili umeshuka na kafi. Kimo chake kingefika kiunoni mwangu. Kwa jinsi nilivyomchora kwa mkaa mara ya kwanza, ile sehemu butu iliangukia kwenye shavu lake la kushoto na kushuka kifuani. Basi hapo ndipo nilipoweka bobari, patasi ya makali ya mviringo, kabla ya kugusa kichwa, kabla ya kupunguza hata bega. Nilichimba shimo jembamba, polepole, nikitazama kila kinachotoka. Mbao ya mwarobaini iliyo nzima hutoka vipande vyekundu vinavyokatika safi. Kwa kina cha vidole vitatu vipande vikaanza kutoka vya kahawia, vyepesi, vinavyovunjika bila sauti, na harufu ikageuka ya udongo mbichi. Chini kidogo nikakuta gome lililokunjwa, na ndani ya mkunjo huo kitanzi cha waya wa seng'enge kimeliwa na kutu hadi kubaki robo ya unene wake. Ndipo palipofungwa mbuzi wa kwanza, naamini, kabla hata mama yule hajafika pale.

Weusi wa kutu ulipanda juu na kushuka chini kufuata nyuzi, mrefu kuliko waya wenyewe mara nyingi, ila kwa upana haukuzidi kiganja. Niliufuata wote hadi nikafika kwenye mbao nyekundu, ngumu, kila upande. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mti, kabla hujauziba, ufuate hadi mwisho wake. Ukiziba nusu, nusu iliyobaki inaendelea na kazi yake gizani.

Sasa nilijua umbo la kasoro, na gogo lilikuwa bado gogo. Hapo ndipo kazi ya kufikiri inapokuwa tamu. Kila kinyago cha mtu kina sehemu ambazo mbao itaondolewa vyovyote vile: kati ya mkono na ubavu, kati ya miguu, chini ya kidevu, nyuma ya mzigo. Kasoro ndefu na nyembamba ipelekwe huko. Nilifuta mistari yote ya mkaa, nikamzungusha mvuvi ndani ya gogo mpaka ule mfereji mweusi ukaangukia kwenye pengo kati ya ubavu wake na mkono ulioshika kafi. Karibu uozo wote ukaishia kwenye maranda sakafuni. Kwa kumzungusha hivyo, ncha ya juu ya gogo ilikuwa na nyufa ndogo za kukauka upande wa paji la uso, kwa hiyo kichwa nilikishusha na kukigeuza kuelekea begani. Mvuvi akawa anatazama lema lake, na shingo ikapata mkazo wa mtu aliyebeba kitu kizito. Sikuwa nimempanga hivyo. Namshukuru Mungu kwamba nilikuwa bado na mti wa kumgeuzia.

Palibaki fundo moja kwenye bega la kulia. Fundo si adui likiwa hai. Likiwa hai, nyuzi zake zimeungana na nyuzi za shina pande zote, na linakaa imara. Lililokufa limezungukwa na duara jeusi la gome, na siku moja litadondoka lenyewe. La mvuvi lilikuwa hai. Niliweka mviringo wa bega juu yake, na nikaachana na tezo eneo lile lote. Pembezoni mwa fundo nyuzi huzunguka, na ukikata kutoka upande mmoja tu utazing'oa. Patasi kali, vipande vyembamba, kutoka kushoto kuelekea kwenye fundo, kisha kutoka kulia kuelekea kwenye fundo, na kulivuka fundo lenyewe kwa kulikwangua. Kazi ya asubuhi nzima kwa eneo la ukubwa wa yai. Haina njia ya mkato.

Mzee alipita siku moja akamkuta mvuvi ana mapengo ubavuni na uso haujaguswa. Alilizunguka gogo, akaingiza kidole kwenye mfereji, akakinusa. "Ungeanza na uso hapa," akasema, "ungechonga kaburi." Kisha akaomba maji. Bado anaanza na uso kwenye kazi zake mwenyewe, nami simwambii neno. Mkono wake umesoma miti mingi kuliko wangu, na huenda anasikia kwa tezo mambo ambayo mimi lazima niyachimbe.

Kasoro nyingine haimo ndani ya mti unapoletwa. Huzaliwa wakati wa kukauka, nayo ndiyo inayomaliza vinyago vingi msimu wa kaskazi. Sisi huchonga mti ukiwa mbichi kwa sababu ni laini, na hakuna mchongaji wa mkono anayeweza kuungojea mwarobaini mnene ukauke mzima. Mti ukikauka husinyaa kufuata mzunguko wa pete zake karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea kiini. Gogo la mviringo lenye kiini ndani halina pa kuipeleka tofauti hiyo, kwa hiyo hupasuka, na ufa wake huelekea kiini. Ukipasua gogo katikati kabla ya kuchonga umeupa mti nafasi ya kujongea. Kwa kinyago kinachohitaji unene wote, natoboa kutoka chini ya kitako kupanda juu, nikifuata kiini chenyewe na kukitoa. Uso wa nje unabaki mzima, na ukuta wa kinyago unakauka kwa unene unaolingana.

Baada ya umbo la kwanza kutoka, kabla ya uso na vidole kumalizika, kinyago hukaa. Nakipaka nta au mshumaa ulioyeyushwa kwenye ncha zote ambapo nyuzi zimekatwa, maana maji hutoka huko kwa kasi kuliko ubavuni. Kisha nakizika kwenye maranda ndani ya gunia, pembeni mwa banda, mbali na mlango. Wakati wa masika hakuna haraka, hewa yenyewe ina maji, na hapo hatari ni ukungu kuliko ufa. Kaskazi ikivuma, upepo mkavu na jua la Januari huweza kupasua kichwa ambacho hakijafunikwa kati ya asubuhi na jioni, na huo ndio msimu ambao wageni wamejaa na kila mwenye duka anataka mzigo leo. Shinikizo hilo nalifahamu. Lakini kinyago kilichokaushwa juani kwa ajili ya mteja wa kesho kimekwisha kuharibika, hata kama ufa utaonekana ng'ambo.

Na kweli huonekana ng'ambo. Mbao iliyotulia bandani hapa pwani hubaki na unyevu wa karibu asilimia 15 ya uzito wake mkavu. Ikiingia kwenye nyumba ya Ulaya inayopashwa moto wakati wa baridi, unyevu huo hushuka chini ya asilimia 10. Mti unasinyaa tena, na kila ufa uliofichwa unafunguka mbele ya mtu aliyetoa pesa zake kwa nia njema. Nilionyeshwa picha ya kinyago cha namna hiyo na mgeni aliyerudi Malindi. Alikuwa ameuziwa mahali fulani mjini kwa jina la mpingo. Ulikuwa mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu, na ufa wake ulikuwa umejazwa unga wa mbao na gundi kisha ukapakwa juu. Kule kwao ile gundi ilibaki imesimama kama ukuta, mbao ikajivuta pande zote mbili, na rangi ikakatika. Mgeni yule hakuwa na hasira. Aliuliza tu kama vyote viko hivyo. Swali hilo liliniuma, kwa sababu linatugusa sote, pamoja na wale wanaokesha kwenye msasa kwa kazi ya haki.

Unga wa mbao na gundi si haramu. Una mahali pake: kwenye tundu la sindano, kwenye kishimo kilichoachwa na nyuzi zilizong'oka, mahali ambapo mti hautasogea tena. Kuujaza kwenye ufa ulio hai, unaofunguka na kufunga kwa majira, ni kumdanganya mtu. Ninapotaka kujua kama ufa ni hai, nafuta mahali hapo kwa kitambaa chenye maji, nasubiri. Uso wa mbao hukauka upesi. Ufa huyashika maji na kubaki mstari wa kiza baada ya sehemu nyingine kurudia rangi yake. Naweka alama ndogo kwenye ncha zake mbili, kinyago kinarudi kwenye maranda, na baada ya muda natazama kama mstari umevuka alama. Usipovuka, naweza kuufanyia kazi.

Wadudu ni jambo fupi. Kiini cha mwarobaini hakiwavutii, ila ile sehemu nyeupe ya nje huliwa, na ya mwembe zaidi. Dumuzi hutaga kwenye vitundu vya mbao hiyo, mabuu hula humo ndani kimya, na unaona unga mweupe laini chini ya kinyago miezi mingi baadaye. Ondoa nyeupe yote inapowezekana, na gogo lililobanduliwa gome lisilale chini wazi.

Mvuvi alipokauka alikuwa amebaki na mchirizi mmoja mweusi nyuma ya nyonga, mahali ambapo kutu iliingia kwenye mbao nzima bila kuiozesha. Mfanyabiashara mmoja alimpenda akataka nimpake rangi yote iwe moja, bei angenipa nzuri. Nilikataa. Mbao ile ilikuwa ngumu, haikuwa na ugonjwa, na weusi ule ni sehemu ya mti kama ulivyo wekundu wake. Kwenye ubavu, pale mfereji ulipoingia ndani kuliko nilivyoweza kuuondoa bila kumvunja mtu, niliweka kiraka. Kiraka hukatwa kutoka kwenye gogo lilelile, kikaushwe pamoja na kinyago, nyuzi zake zielekee upande uleule na rangi yake itafutwe kwa subira. Kingo zake huzifanya ziende sambamba na nyuzi, kamwe zisizikate mraba, maana mstari unaokata nyuzi huonekana hata ukifumba jicho moja. Kikisinyaa, kinasinyaa pamoja na jirani zake.

Kiraka kilichowekwa vizuri ni vigumu kukiona, na kwa sababu hiyo hasa mnunuzi ana haki ya kuambiwa. Namgeuzia kinyago, nachukua kidole chake nakiweka pale, namweleza waya, mbuzi na boma la Ganda, na kwa nini kiraka hicho hakitafunguka. Akiuliza kasoro namwonyesha. Asipouliza namwonyesha pia, kabla hajatoa pesa.